Kuandaa na Kuendesha Pikapu kwa Safari za Kambi Nje ya Barabara: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu pikapu ya fowili (injini inaweza kuzungusha magurudumu yote manne) inayobeba watu wawili hadi wanne, pamoja na kila kitu watakachohitaji kwa siku kadhaa mbali na lami, mbali na fundi na mbali na pampu ya mafuta. Upepo wa matairi umeandikwa kwa psi. Mwenye geji ya bar agawanye kwa 14.5.

Gari ndiyo kwanza nimelipata. Nianze kununua nini?

Matairi mazuri, geji ya kuaminika, kompresa ya volti 12, beleshi la mpini mrefu, vibao viwili vya kujinasulia na sanduku la huduma ya kwanza. Basi. Bampa ya chuma, winchi, taa za juu na keria zisubiri mpaka umesafiri mara mbili tatu ukajua unakwama wapi na kwa nini. Wengi huanza na vile vinavyoonekana kwa nje, wakaishia na gari lililoongezewa kilo 300 na bado lina matairi ya mjini.

Pikapu yangu inaweza kubeba kilo ngapi?

Kwenye kibati cha gari, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango, au kwenye kitabu chake, pameandikwa uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa, gari likiwa na watu na mizigo. Toa uzito wa gari tupu, kinachobaki ndicho unachoweza kuongeza. Kwa pikapu nyingi za kabini mbili ni karibu kilo 1,000. Inaonekana nyingi hadi uanze kuhesabu.

Watu wanne, 300. Kanopi ya chuma, 150. Droo na friji, 100. Maji lita 60, kilo 60. Dizeli ya akiba lita 40, kilo 34. Hema la juu, 60. Bampa ya chuma na winchi, 90. Tairi la akiba la pili, 35. Chakula, vyombo, vifaa na nguo, 120. Jumla ni kilo 949, na hujaweka keria wala betri ya pili.

Usikadirie. Jaza mafuta na maji, pakia kama unavyosafiri, pakia na watu, kisha nenda kwenye mizani ya magari. Pima gari zima, halafu pima ekseli ya nyuma peke yake, kwa sababu unaweza kuwa chini ya kikomo cha gari zima na bado umepitiliza kikomo cha ekseli ya nyuma. Ukikuta umezidi, dawa ni kupunguza mizigo. Springi ngumu zitainua matako ya gari yaonekane sawa, lakini breki, beringi, ekseli na chasisi ni zilezile.

Vitu vizito viwekwe wapi?

Chini, na mbele ya ekseli ya nyuma. Maji, betri na sanduku la spana vikae karibu na ukuta wa kabini. Nguo, matandiko na viti vya kukunja ndivyo viende nyuma kabisa au juu.

Kuna sababu ya hesabu hapa. Chukua pikapu ambayo ekseli zake zimeachana mita 3. Ukining'iniza kilo 100 mita 1 nyuma ya ekseli ya nyuma, ekseli hiyo haipati kilo 100, inapata 133. Na ekseli ya mbele inapunguziwa 33. Usukani unakuwa mwepesi, taa zinaangalia miti, na kila gari linaporuka shimo ule mzigo wa nyuma unaibinya chasisi kuelekea chini.

Chasisi zinazopinda au kukatika mara nyingi huharibikia hapo nyuma ya kabini, juu ya ekseli. Hatari huongezeka mtu anapofunga mifuko ya hewa katikati ya springi za majani. Springi ya majani huipa chasisi uzito kwenye sehemu mbili, mbele ya ekseli na nyuma yake. Mfuko wa hewa huisukuma sehemu moja tu, katikati. Ukijaza mifuko hiyo upepo mwingi, ukafunga na trela nyuma, ukaingia kwenye mashimo kwa kasi, umeigeuza chasisi fito inayovunjwa kwenye goti.

Hema la juu ya keria linafaa?

Linafaa ukiheshimu kikomo cha paa. Kikomo kinachohusika ni cha gari likitembea, na kwa pikapu nyingi ni kati ya kilo 75 na 100, ukijumlisha keria yenyewe. Keria ya chuma ya kilo 35 na hema la kilo 60 tayari ni 95. Gari likiwa limesimama paa hustahimili uzito mkubwa zaidi, ndiyo maana watu wawili wanaweza kulala juu yake bila shida. Kikomo cha keria kikitofautiana na cha paa, fuata kilicho kidogo.

Kumbuka pia kwamba kila kilo iliyo juu inalilaza gari zaidi kwenye mteremko wa ubavuni. Madumu ya mafuta juu ya keria hatuyashauri kabisa.

Ninunue matairi ya aina gani?

Kwa safari za kuchanganya lami, changarawe na mchanga, chukua tairi la mchanganyiko lenye ubavu mnene, lile lililotengenezwa kwa magari ya mizigo. Tairi la kashata kubwa (yale meno ya mpira yanayogusa ardhi) ni bora kwenye tope tu. Kwenye lami yenye maji linateleza zaidi, linapiga kelele na kuisha haraka. Kwenye mchanga kashata kubwa huchimba, na gari likishachimba limeshazama.

Baki karibu na saizi ya kiwandani. Tairi kubwa zaidi hulifanya gari liwe zito kuondoka, breki huchelewa kushika, na geji ya mwendo huonyesha kasi ndogo kuliko ya kweli. Angalia pia umri: namba nne za mwisho kwenye msimbo wa DOT ubavuni ni wiki na mwaka. 2322 ni wiki ya 23 ya mwaka 2022. Tairi la akiba lililokaa chini ya gari miaka kumi lina kashata zote na bado halifai, kwa sababu mpira wake umekauka.

Nipunguze upepo kiasi gani?

Hili ndilo swali lenye faida kubwa kuliko yote, na jibu lake halihitaji kifaa cha gharama. Tairi likipunguzwa upepo linarefuka pale linapogusa ardhi, kama unyayo wa ngamia. Uzito unasambaa, gari linaelea juu ya mchanga badala ya kuukata, na mawe yanazama kwenye mpira badala ya kuupasua.

Kwa pikapu iliyopakiwa, matairi yakiwa ya baridi, anzia hapa:

- Lami: 34 hadi 40, kutegemea mzigo na kibati cha gari
- Changarawe na barabara yenye mikunjo kama bati: 26 hadi 30
- Tope na mawe: 18 hadi 24
- Mchanga laini: 15 hadi 18
- Umekwama mchangani: 12, kwa kujinasua tu

Kadiri upepo unavyoshuka ndivyo mwendo nao ushuke. Kwa 18 usizidi kilomita 40 kwa saa. Kwa 12 nenda kama mtu anayetembea, na usikate kona kali, maana mdomo wa tairi unaweza kuchomoka kwenye rimu. Ukirudi kwenye lami, jaza kabla ya kuongeza mwendo. Tairi lenye upepo mdogo likikimbia kwenye lami linajikunja mara nyingi kwa dakika, linapata moto ndani, na linapasuka ubavu bila onyo.

Namna ya kuhakiki: pima asubuhi, endesha saa moja, pima tena. Upepo ukiongezeka kwa zaidi ya psi 4 au 5, tairi linapata moto kupita kiasi. Ama umeanza na upepo mdogo mno, ama umebeba sana, ama unakimbia sana. Usitoe upepo kwenye tairi la moto ili kurudisha kipimo cha asubuhi. Utazidisha tatizo lilelile.

Springi na shokapu zibadilishwe?

Springi huchaguliwa kwa uzito unaokaa kwenye gari kila siku, si kwa uzito wa safari moja ya mwaka. Ukifunga springi za kilo 500 za kudumu kisha ukaendesha gari tupu, litaruka kama mpira na magurudumu ya nyuma yatakosa kushika. Ndiyo sababu tunasisitiza uanze na mizani, springi zije baadaye.

Shokapu ndizo zinazochoka kwanza kwenye barabara ya mikunjo. Kazi yake ni kugeuza mtikisiko kuwa joto. Baada ya saa nzima mafuta ya ndani yanakuwa mepesi na kuchanganyika na hewa, na shokapu inaacha kuzuia. Utaligundua hilo gari likianza kuogelea. Simama dakika 20, zipoe. Ukikuta mafuta yamechuruzika kwenye mwili wa shokapu, imekwisha. Beba bushi za akiba.

Friji lilizima usiku wa pili. Betri ni mbovu?

Mara nyingi betri ni nzima na tatizo liko kwenye waya. Friji la lita 40 hadi 50 linalozungushwa na kompresa hutumia Ah (ampea-saa, kipimo cha umeme uliomo kwenye betri) 30 hadi 50 kwa siku, kutegemea joto na mara ngapi linafunguliwa. Betri ya AGM (aina ya betri ya risasi iliyofungwa) ya Ah 100 isitumiwe zaidi ya nusu kama unataka idumu, kwa hiyo una siku moja, siku na nusu ukibana. Ya lithiamu ya ukubwa huohuo hukupa Ah 80 au zaidi na uzito wake ni karibu nusu. Usiiweke chini ya boneti, joto la pale litaiua, na usiichaji ikiwa chini ya nyuzi 0.

Alternata za magari ya kisasa hushusha volti zake ili kuokoa mafuta, ndiyo maana betri ya pili iliyounganishwa moja kwa moja haijai hata ukiendesha kutwa. Weka chaja ya kati, ile inayopokea volti za alternata na kuzipandisha zifike kipimo cha betri ya pili. Ya ampea 25 inatosha wengi.

Sasa waya. Chaja ya ampea 25 ikiwa mita 5 kutoka betri ya mbele, umeme unasafiri mita 10 kwenda na kurudi. Kwa waya wa milimita mraba 6 unapoteza karibu volti 0.8 njiani, kwa wa 16 unapoteza volti 0.3. Vivyo hivyo kwa waya wa friji: betri ina volti 12.3, friji linaona 11.6, linajizima kulinda betri ambayo haijaisha. Pima volti kwenye plagi ya friji kompresa ikiwa inazunguka, ndipo utajua.

Fyuzi iwe ndani ya sentimita 30 kutoka kwenye betri, na kila betri iwe na yake. Fyuzi hiyo inailinda waya isiungue. Waya ikisuguliwa na chasisi hadi ganda likatoka, betri inaweza kusukuma mamia ya ampea kwa mkupuo, na hapo gari linawaka.

Paneli ya jua ya wati 120 hurudisha Ah 30 hadi 40 kwa siku ya jua kali. Ukiegesha gari kivulini, paneli iwe ya kubebeka uiweke juani.

Maji na mafuta kiasi gani?

Maji ya kunywa lita 5 kwa mtu kwa siku kwenye joto, na lita 3 hadi 5 nyingine za kupikia na kunawa. Ongeza ya siku mbili za dharura. Yagawanye kwenye vyombo viwili au zaidi, kwa sababu tangi moja likipasuka kwa jiwe umebaki bila chochote.

Mafuta: mchanga laini na gia za nguvu huongeza ulaji kwa theluthi, hata nusu. Gari linalokula lita 12 kwa kilomita 100 lihesabie 18 huko. Panga safari nzima kwa kipimo hicho kisha bakiza robo ya tangi. Ukitilia shaka mafuta ya mahali fulani, toa maji yaliyokusanyika kwenye chujio la mafuta siku hiyohiyo, na beba machujio mawili.

4H, 4L na difloki: nitumie ipi, wakati gani?

4H (fowili kwa gia za kawaida) ni ya changarawe, tope jepesi na mchanga unaopitika kwa mwendo. 4L (fowili kwa gia za nguvu) ni ya mwendo wa mtu anayetembea: mawe, mteremko mkali, kuvuta gari lingine, mchanga mzito wa kupanda. Kwenye fowili isiyo na difu ya katikati (gia zinazoruhusu ekseli ya mbele na ya nyuma kuzunguka kwa mwendo tofauti) usitumie yoyote kati ya hizo mbili kwenye lami kavu. Ukikata kona, magurudumu ya mbele husafiri njia ndefu kuliko ya nyuma. Ardhi laini huyaruhusu kuteleza, lami haiyaruhusu, na mvutano huo unaishia kwenye propela na transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma).

Difloki huzungusha magurudumu yote mawili ya ekseli kwa pamoja. Iwashe kabla ya kuingia mahali pabaya, ukiwa umesimama au unatambaa. Anayeiwasha gurudumu likiwa tayari linazunguka hewani anaweza kuvunja meno. Ukishavuka, izime, ikiwa imewashwa gari halitaki kukata kona.

Nimekwama mchangani. Nifanye nini kwa mpangilio?

Ondoa mguu kwenye mafuta. Gurudumu likizunguka sekunde tano zaidi linakupeleka hadi chasisi ikalie mchanga, na hapo kazi ya dakika kumi inakuwa ya saa mbili.

Jaribu kurudi nyuma kwenye nyayo zako, umeshazishindilia wakati wa kuja. Ikishindikana, shuka. Shusha upepo hadi 12. Fukua mbele ya kila gurudumu upate mteremko mlaini, halafu fukua chini ya ekseli na chini ya matumbo ya gari. Hapo ndipo wengi huvivia, na ndipo gari linaponing'inia. Ingiza vibao chini ya matairi, meno juu, vikigusa mpira. Weka 4L gia ya pili, ondoka polepole bila kuzungusha. Ukitoka, usisimame mpaka ufike pagumu.

Kuvutwa na gari jingine kuwe hatua ya mwisho. Kamba inayonyumbulika ndiyo ya kuvuta kwa mkupuo. Mkanda usionyumbulika ni wa kuvuta taratibu tu, ukiupiga mkupuo unang'oa kitu. Uimara wa kamba uwe mara mbili hadi tatu ya uzito wa gari. Shakeli (pingu ya chuma ya kuunganishia kamba) iwe na uzito wa kazi uliopigwa mhuri, tani 4.75 kwa pikapu iliyopakiwa. Kaza pini hadi mwisho kisha rudisha robo mzunguko isije ikaganda.

Usifunge kamba kwenye tufe la kuvutia trela, kamwe. Halikutengenezwa kwa mkupuo. Likikatika linaruka kama risasi na limekwisha kuua watu. Wala usifunge kwenye ndoano zile nyembamba za kufungia gari melini. Funga kwenye ndoano zilizobanwa kwa bolti kwenye chasisi. Wasiohusika wakae ubavuni, mbali zaidi ya urefu wa kamba mara moja na nusu, na asiwepo mtu kwenye mstari wa kamba.

Kuvuka maji je?

Tembea kwanza kwa miguu, na fimbo mkononi, mahali utakapopitisha magurudumu. Maji yanayotiririka yakifika magotini na kukusukuma, usiingize gari. Pikapu ni nzito ikiwa nchi kavu. Majini inaelea sehemu, na mkondo unaipeleka.

Maji tulivu hadi katikati ya gurudumu hayana shida kubwa. Zaidi ya hapo soma kina kilichoandikwa kwenye kitabu. Subiri dakika kumi kabla ya kuingia. Difu ikiwa ya moto ikazamishwa ghafla kwenye maji ya baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kunyonya maji kupitia kipumulio, kitundu cha kupitishia hewa ya difu. Refusha mirija ya vipumulio hadi ndani ya boneti. Ni kazi ya nusu siku. Ingia kwa 4L gia ya pili, mwendo usiobadilika wa kilomita 5 hadi 8 kwa saa, wimbi likitangulia mbele ya bampa. Usibadilishe gia katikati.

Injini ikizima majini, usiwashe tena. Maji yakiwa kwenye silinda hayabanwi, na fimbo ya pistoni itapinda. Vuta gari nje, kagua chujio la hewa kwanza. Baada ya kuvuka kanyaga breki kidogo kidogo zikauke, na jioni angalia oili ya difu. Ikiwa na rangi ya maziwa, badilisha kabla ya kuendelea.

Nikishindwa kupanda mlima katikati?

Kanyaga breki, weka gia ya kurudi nyuma ukiwa 4L, injini ikiwaka, achia breki ushuke ulipotoka ukiwa umenyooka. Usijaribu kugeuza gari kwenye mteremko, hapo ndipo yanapobingirika. Kushuka: 4L gia ya kwanza, mguu mbali na klachi. Matako yakianza kuteleza ubavuni, ongeza mafuta kidogo ili magurudumu yazunguke na kushika; breki itazidisha.

Kwa nini magari huungua kwenye nyasi kavu?

Nyasi hujikusanya juu ya bomba la moshi na bamba la kukinga tangi. Magari ya dizeli yenye chujio la masizi huchoma masizi hayo yenyewe kila baada ya muda, na bomba linakuwa la moto sana hata ukienda taratibu. Simama kila kilomita chache, lala chini, ng'oa nyasi kwa waya uliokunjwa ncha. Zima-moto liwe mahali mkono unafika bila kufungua droo. Funga wavu mbele ya rejeta, mbegu za nyasi huiziba na gari kuchemka.

Kambi nipige wapi?

Usipige kwenye mkondo mkavu wa mto hata kama mbingu ni nyeupe, mvua inaweza kuwa imenyesha mbali. Wala usilale chini ya mti wenye matawi makavu. Usiingize jiko la mkaa wala la gesi ndani ya hema, hata mkaa ukionekana umekufa: hewa ya kaboni monoksidi haina harufu na huua watu usingizini. Mtungi wa gesi usafiri umesimama, valvu imefungwa, mahali penye upenyo wa hewa.

Nikague nini kila asubuhi?

Oili, maji ya rejeta injini ikiwa baridi, upepo, nati za magurudumu, na madoa chini ya gari. Pitisha mkono kwenye bolti za keria, shokapu na betri. Mtikisiko hulegeza zile ulizozikaza vizuri kabisa. Tairi likibadilishwa, kaza nati tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Ubavuni mwa matairi tafuta mchubuko ulioingia ndani hadi nyuzi: tairi hilo lihamishie kwenye nafasi ya akiba kabla hujaondoka kambini.